Taarifa ya mwaka ya mwenyekiti: Shimoni, marlini tuliyemwachia, na barafu

Wanachama wenzangu, salamu kwenu nyote, wa Mombasa, wa Nairobi, na wale wawili walioko Doha ambao mchango wao huingia kabla ya wetu sisi tunaokaa hapa hapa karibu na mweka hazina.

Ya kawaida niyamalize haraka. Mikutano ilikuwa minne, mmoja haukufikia akidi sababu ya mvua. Tuko wanachama 27, watatu wapya, mmoja ametuaga kwa amani baada ya kuhamishwa kikazi. Hesabu mweka hazina ameshawatumia, someni. Sasa tuingie kwa hii stori mnayonipigia simu kila siku, safari yetu ya kuvua samaki Shimoni, huko pwani ya kusini, na lile swali lenu la ati kama kweli mlimnasa marlini, yule samaki mkubwa mwenye pua ya mkuki, mbona hatujaona hata kipande.

Safari ilikuwa Februari, wakati wa kaskazi. Mkondo wa Pemba, yale maji kati ya kisiwa cha Pemba na bara, si maji ya kuogelea watoto. Ukitoka Shimoni ukakipita kisiwa cha Wasini, boti haijaenda sana na chini kumeshatumbukia mamia ya mita, na maji yenyewe yanakwenda kaskazini mwaka mzima. Yakigonga ule ukingo chakula kinapanda juu, samaki wadogo wanajazana, jodari wanawafuata hao wadogo na wale wakubwa wenye pua ya mkuki wanawafuata jodari. Kwa bahari ya Kenya marlini wako aina tatu, mweusi, wa buluu na wa mistari, halafu kuna sulisuli na lile tanga lake la mgongoni. Kwa hivyo hatukwenda kubahatisha, ingawa mweka hazina kwenye mkutano alisema ni kubahatisha na ikaandikwa kwenye kumbukumbu.

Mwenye boti wa kwanza, na simtaji, alichukua dipoziti halafu zikibaki siku sita akasema injini imekufa. Nusu imerudi, nusu bado tunafuatilia. Katibu akahangaika akapata boti nyingine hapo hapo Shimoni, na kwa sababu tulikuwa watu 11 tukagawana, sita Jumamosi, watano Jumapili.

Jumamosi tuling'oa nanga saa kumi na moja na nusu alfajiri. Uvuvi wenyewe ni kurambaza tu, ule ule wa wazee kwenye ngalawa, mishipi nyuma na chombo kinakwenda, ila hapa ni injini mbili, rodi tano (fimbo za kuvulia), chambo za plastiki mfano wa ngisi, na bili ya mafuta ambayo babu yangu angeisikia angerudi pwani kwa miguu. Watatu walikuwa wamekula biriani usiku (niliwaonya) na bahari ikawalevya mapema sana, mmoja akalala chini mpaka saa sita anaomba arudishwe. Mwingine akauliza kwa nini tusivue tu pale Kisite karibu karibu, nahodha akamcheka, ile ni hifadhi, uvuvi marufuku.

Saa mbili tukaona ndege wanapiga mbizi. Nahodha akapitisha boti pembeni, si katikati, manake ukipita katikati kundi linazama, na rodi tatu zikalia kwa mpigo. Jodari wanne, fulusi wawili na nguru mmoja kabla ya adhuhuri! Kelele zilizopigwa pale sizielezi.

Na hapa ndipo ninapokiri kosa langu mimi mwenyekiti. Jodari si kama samaki wengine, damu yake ni ya moto na akipigana anazidi kupata joto, kwa hivyo akipanda tu anatakiwa achinjwe, damu itoke, aingie kwenye barafu iliyochanganywa na maji ya bahari. Baharia alisema, sisi tunapiga picha. Halafu barafu yenyewe nilinunua kidogo nikasema itatosha, nikibana bajeti. Wawili wakakaa juani karibu saa nzima. Tulivyofika gati baharia akawafungua, akanusa, akasema hawa msile, na msijidanganye ati mtapika sana, ile sumu ya jodari aliyelala juani haitoki kwa moto. Tukawatupa. Karibu kilo 30 za nyama, na mwaka mzima hakuna hata mmoja aliyenipigia simu kuuliza hao wawili wako wapi, mnauliza marlini tu.

Haya, marlini. Jumapili, saa tano kasoro, rodi ya kulia ikapinda mpaka majini na rili, kile kigurudumu cha mshipi, ikaanza kupiga ukelele, na aliyekuwa zamu ni nani, mweka hazina. Akafungwa mkanda, nahodha akawa anarudi kinyumenyume kumfuata samaki, samaki naye akaruka mara nne mwili wote nje, wa buluu kabisa. Walipigana kwa muda wa saa moja na dakika arobaini. Mweka hazina alilia, atakataa lakini tulimuona. Nahodha alimkadiria kilo 120 hivi kwa macho.

Hatukumpandisha botini. Baharia alivaa glavu akamshika pua, wakamchoma tegi, kile kialama chenye namba, mgongoni, ndoana ikatolewa, boti ikaenda polepole naye akiwa ubavuni ili maji yapite kwenye mashavu, mpaka ile rangi ikarudi akapiga mkia akaondoka. Hilo si letu tulilobuni. African Billfish Foundation, shirika linalofuatilia hawa samaki wa pua ya mkuki, wako Watamu tangu 1990, unajaza kadi, mahali, urefu, uzito wa kukadiria, na siku akinaswa tena inajulikana ametembea wapi na amekua kiasi gani. Halafu wale marlini wakubwa kabisa karibu wote ni majike, ukimuua mmoja umeua na mayai yake.

Sisemi mvuvi wa Vanga anayemleta nduaro (ndio hao hao wa pua ya mkuki) sokoni anakosea, ile ni riziki yake na ada za watoto. Sisi tulikuwa tumekwenda kucheza. Na hata tungemleta, kwa ile barafu yangu mngekula nini?

Mafuta yalipita bajeti kwa shilingi 18,400, nimelipa mimi nusu, nusu naomba kikao kiamue. Chakula cha Wasini kilikuwa wali wa nazi na kaa, hapo hakuna malalamiko.

Pendekezo ni turudi wakati wa tangambili, Oktoba au Novemba, bahari ikiwa imelala, na mchango uanze mwezi ujao kwa M-Pesa ya chama, si kwa namba yangu. Barafu atanunua mtu mwingine. Lile sanduku la barafu la chama liko kwangu barazani, nimeliosha kwa ndimu, kwa siki, kwa sabuni ya unga, bado linanuka, anayejua dawa anipigie.