Bendera rasmi za Bavaria hazina nembo

Mhariri,

Mwanza na Würzburg ni miji dada tangu mwaka 1966, na Würzburg iko katika jimbo la Bavaria, kusini mwa Ujerumani. Mtu akitakiwa kupamba ukumbi kwa ajili ya wageni wa huko, bendera anayoipata upesi ni ile yenye simba wawili na ngao katikati. Inapendeza, lakini si bendera rasmi. Hata kwao huvumiliwa tu.

Bavaria ina bendera rasmi mbili zenye hadhi sawa, na hakuna yenye nembo hata moja. Ya kwanza ina milia miwili iliyolala, mweupe juu na wa buluu chini. Katiba ya jimbo ya 1946 inazitaja rangi kwa mpangilio huohuo. Ikining'inizwa wima ukutani, nyeupe ikae kushoto kwa anayeitazama.

Ya pili imejaa vipande vyeupe na vya buluu vyenye umbo la uru wa karata, na hii ndiyo inayowaponza mafundi. Vipande visipungue 21, ukihesabu pamoja na vile vilivyokatwa na ukingo. Kile cha pembeni kabisa, juu upande wa mlingoti, huwa kimekatwa, na lazima kiwe cheupe. Fundi akitoboa matundu ya kamba upande usio wake, kona hiyo yaweza kuwa ya buluu, na kitambaa kizuri kimeharibika. Kwa hiyo kabla ya kutoboa, tandaza kitambaa mezani, tafuta kona yenye kipande cheupe, na hiyo ndiyo iwe juu upande wa kamba. Uwiano ni 3 kwa 5: kimo sentimita 90, urefu 150.

Vipande hivyo vilikuwa alama ya makabaila wa Bogen, huko Bavaria. Ukoo wao ulipokatika mwaka 1242, ukoo wa Wittelsbach, uliotawala Bavaria, ukavirithi.

Nembo ni habari nyingine. Iliwekwa kwa sheria ya 1950 na ilichorwa na Eduard Ege. Kwa anayeitazama, juu kushoto kuna simba wa dhahabu katika uwanja mweusi. Chini yake chui wa buluu katika uwanja mweupe. Chini kulia simba weusi watatu katika dhahabu. Katikati kuna ngao ndogo ya vipande vya nyeupe na buluu. Mchoraji anayefuata maandishi ya kitaalamu ajihadhari: "kulia" kwa lugha ya ngao ni kulia kwa anayeishika, yaani kushoto kwetu sisi tunaotazama. Asipolijua hilo, wanyama wote watahama upande.

Robo iliyobaki, juu kulia, ndiyo inayowahusu hasa wageni wanaokuja Mwanza kutoka Würzburg. Ni nyekundu juu na nyeupe chini, na weupe unapanda kwa ncha tatu kama meno ya reki. Ni alama ya Franken, eneo ambalo Würzburg imo, na ilitoka kwa maaskofu waliotawala mji huo.

Kutumia nembo hiyo kunahitaji kibali cha serikali ya jimbo, kwa hiyo isichapwe kwenye fulana wala kadi za mwaliko. Vipande vya nyeupe na buluu bila ngao wala taji vinatosha kwa mapambo, na mgeni atavitambua tangu mlangoni.

Msomaji, Mwanza