Kaka, yule kunguru alikukosea nini?

Kaka yangu,

Mama mdogo ameniambia unauliza kwa nini nilitoka kwenye grupu ya familia, na kwamba unaona nimepata kiburi tangu nihamie Nakuru. Pole na mguu, nasikia umeanza tena kuchechemea. Usiache kwenda kliniki. Swali lako nalijibu hapa hadharani kwa sababu nawe ulisema mbele ya watu.

Siku ya kumzika mama, tukingoja chakula, kunguru alitua juu ya turubai. Kifua chake hakikuwa cheupe sawasawa, kilikuwa na madoa kama shati lililoguswa na makaa. Ukaokota jiwe. Ukasema huyo ni chotara, wa wale ambao serikali ilisema wauawe, na kwamba ndege akichanganya damu anaharibika akili. Kisha ukawatazama wanangu. Kila aliyekaa kwenye viti vile aliona, na baba yao alikuwa papo hapo, amebeba sufuria ya wali.

Nianze na ndege, maana hata yeye ulimwonea. Wale ambao KWS, shirika la wanyamapori la Kenya, walitangaza mwaka 2024 kwamba watawaangamiza, milioni moja, ni kunguru wa India: wembamba, shingo ya kijivu, walioletwa Zanzibar miaka ya 1890 wakaenea Pwani. Huyu wetu wa Kisumu mwenye kifua cheupe ni mwenyeji wa Afrika. Anapokuwa mdogo, weupe wake huwa umechafuka kwa ncha nyeusi za manyoya. Kwa nilivyomwona mimi, ulimpiga mtoto, kaka.

Machotara wa kweli wapo. Kule Pembe ya Afrika kunguru wetu hukutana na kunguru wa Kisomali, aliye mweusi, wakazaa watoto wa vifua vilivyofifia. Ulaya kuna ukanda mwembamba unaotoka Uskoti, ukapita Denmark na Ujerumani hadi Austria na kaskazini mwa Italia, ambako kunguru weusi na wale wa kijivu huzaliana. Huko utaona mweusi mwenye kifua cha kijivu, utaona wa kijivu mwenye madoadoa. Wanataga, wanalea, na watoto wao nao wanazaa. Mwaka 2014 watafiti waliochunguza jeni zao walikuta tofauti ya weusi na wa kijivu haifiki asilimia 1, na sehemu kubwa yake inahusu rangi ya manyoya. Kinachowatenga ni kwamba wengi hutafuta mwenzi wa rangi yao. Niliposoma hapo nilikukumbuka.

Na akili? Nyuma ya jiko langu kuna mmoja anayekuja asubuhi. Ukoko mkavu wa ugali haumezi hivyo hivyo: anaupeleka kwenye maji ya kuku, anauchovya, anaugeuza, anauchovya tena. Akishiba anafukia kipande chini ya majani, lakini akimwona mwenzake juu ya paa, anakifukua na kukihamisha. Kule Seattle, Marekani, mwaka 2006 watafiti waliovaa barakoa ya aina moja waliwakamata kunguru. Miaka ikapita, na kunguru bado walimzomea yeyote aliyeivaa, hata kunguru ambao hawakuwahi kukamatwa. Binti yangu naye, kila tukizungumzia safari ya nyumbani, huuliza kwanza kama wewe utakuwepo.

Wewe ndiye ulinibeba mgongoni mto Nyando ulipofurika. Wewe ndiye uliuza baiskeli nikamaliza kidato cha nne. Hayo siyafuti. Nilitaka kukushauri tu kwamba mtu mzima achunge ulimi mbele ya watoto, hasa matangani. Lakini pia uelewe, mimi niliolewa kwa hiari yangu, na huyo Mkikuyu usiyetaka kumtaja kwa jina ndiye aliyekesha na mama hospitalini. Jeneza lililipwa na nani? Ng'ombe je? Sikuwahi kukudai hata shilingi, na sikudai leo. Wasomaji wangu wanisamehe, haya ni ya nyumbani.

Desemba tunakuja kujengea kaburi la mama. Nakuja na watoto wote, na shemeji yako. Ukiwa na neno, nipigie mimi kabla hatujatoka Nakuru.

Dada yako