Taarifa ya Mwenyekiti kwa Wanachama: Mwaka wa Kuketi na Wasomaji

Ndugu wanachama,

Katika mkutano mkuu uliopita mlitukabidhi kazi ya kuchunguza kwa nini wasomaji wa majarida tunayoyahariri na kuyatunza mtandaoni wanatupigia simu kuuliza mambo ambayo tayari yameandikwa kwenye kurasa zetu. Kamati ingeweza kusambaza dodoso, lakini mtu ukimuuliza kama ukurasa unaeleweka, kwa adabu atakujibu kwamba unaeleweka. Kwa hiyo tuliketi na msomaji mmoja mmoja, hapa Moshi na baadaye Arusha, kila mmoja akiwa na simu yake mwenyewe na bando tulilomrudishia. Tukampa jambo la kutafuta, kisha tukanyamaza. Kunyamaza huko hakukuwa kazi ndogo, kwa kuwa wengi wetu ni walimu na wakutubi, na tumezoea kumwonyesha mtu njia kabla hajapotea.

Baadhi yenu mlishauri tuishie kwa wasomaji 5, mkikumbusha kwamba Jakob Nielsen, mtaalamu wa urahisi wa kutumia tovuti, aliandika mwaka 2000 kuwa idadi hiyo hufichua takriban asilimia 85 ya matatizo ya matumizi ya tovuti. Ushauri huo ulitufaa kwa kuanzia, ila Nielsen huyohuyo alieleza kwamba palipo na makundi ya watumiaji yanayotofautiana, kila kundi lipimwe peke yake. Muuguzi anayetafuta kipimo cha dawa kabla ya kuingia zamu na mwanafunzi anayetafuta namna ya kunukuu hawautazami ukurasa kwa jicho moja, na sisi tunawahudumia wote wawili.

Naomba nieleze kwa kirefu jambo moja nililoliona kwa macho yangu. Muuguzi mmoja anayesomea shahada ya uzamili alifungua makala aliyoihitaji, akaona juu yake ile alama ya kufuli lililo wazi, la rangi ya chungwa, ambayo wachapishaji wa kitaaluma huitumia kuonyesha ufikiaji huria, yaani makala inayosomwa bila malipo. Kidole kikasimama hewani, kisha akarudi kwenye orodha. Tulipomaliza nikamuuliza sababu, akasema: “Mama, niliona kufuli limefunguka, nikajua hapa si salama, nisije nikaibiwa namba ya siri.” Dada huyu hakukosea hata kidogo. Kwa miaka mingi vivinjari vimemfundisha kwamba kufuli lililofungwa ndilo usalama, nasi tukamwekea lililo wazi tukidhani tunamkaribisha. Sasa kando ya alama hiyo yameandikwa maneno “Kusoma ni bure”, na herufi CC BY, za leseni ya kutumia kazi ya mwandishi, ambazo wengi walidhani ni kifupi cha jina la mwandishi, zimefuatiwa na sentensi kamili: unaruhusiwa kunakili, kusambaza na kurekebisha kazi hii, hata kwa biashara, mradi umtaje mwandishi na uonyeshe ulichobadilisha.

Kuhusu tarehe, kurasa zetu zilikuwa zikianza na siku makala ilipopokelewa, kisha ilipokubaliwa, na mwisho ilipochapishwa. Wanafunzi walinukuu mwaka wa kwanza waliouona. Tarehe ya kuchapishwa sasa iko chini ya kichwa cha makala, na zile nyingine zimeshushwa mwisho wa ukurasa bila kufutwa, kwa sababu wahakiki wanazihitaji.

Suala lililotugawa zaidi ni makala zilizobatilishwa, yaani zile ambazo jarida lenyewe limetangaza kwamba hazitegemeki tena. Wengi mnakumbuka makala ya mwaka 1998 katika jarida la The Lancet iliyodai kuwapo uhusiano kati ya chanjo ya surua, matubwitubwi na rubela na usonji. Ilibatilishwa mwaka 2010, miaka 12 baadaye, ilhali hofu ilikuwa imekwishaingia majumbani. Makala ya namna hiyo haiondolewi mtandaoni. Huachwa ionekane ikiwa na tangazo lake, ili kumbukumbu ya kitaaluma isivurugwe. Sisi tulikuwa tumeandika neno “Imeondolewa”, na msomaji mmoja akatuuliza kwa haki kabisa: kama imeondolewa, mbona ninaisoma? Wahariri kadhaa waliona kwamba neno kali litamdhalilisha mwandishi. Naiheshimu hoja hiyo, lakini siikubali, kwa sababu anayeumia onyo likifichwa ni mgonjwa ambaye hata hajui kwamba makala hiyo ipo. Kamati inapendekeza maneno haya, yakae juu ya kichwa cha makala na juu ya kila ukurasa wa PDF: “Makala hii imebatilishwa. Usiitumie kama ushahidi. Soma sababu hapa.” Yakiwekwa kwenye ukurasa wa tovuti pekee, aliyetumiwa faili kwa WhatsApp hatayaona kamwe.

Hatukufanikiwa kwenye majedwali. Kwenye simu, msomaji hulivuta jedwali kulia hadi anasahau safu aliyoanza nayo ilikuwa ya dawa gani, na hilo katika makala ya tiba ni hatari. Tunahitaji fundi wa kulishughulikia, na ada za mwaka huu hazitoshi kumlipa. Hesabu zote atazisoma mweka hazina.

Mkutano unaombwa kupitisha maneno ya makala zilizobatilishwa na kuamua kuhusu malipo ya fundi. Kurasa za majaribio ziko tayari. Kila mwanachama azifungue kwa simu yake kabla ya kupiga kura.