Ufukwe wa Raskazone: maji yakijaa tupite wapi?

Ndugu Mhariri, naomba nafasi kwenye gazeti lako, hili jambo la ukuta uliotufungia njia yetu ya ufukweni linaniuma na najua siko peke yangu hapa Tanga.

Wenyeji wanaijua ile njia yetu ya jioni. Unaanzia Jamhuri Park, pale juu unaiona bandari na kisiwa cha Toten, unalipita lile jengo la hospitali la enzi za Wajerumani, unapita Bombo, unapita hoteli ya Mkonge mpaka Raskazone, halafu mwenye pumzi anashuka mchangani anaendelea kuelekea Sahare. Ni mwendo mrefu ila hauchoshi maana upepo wa bahari unao muda wote na hulipi hata mia. Kikundi chetu kina wastaafu, kina watu wa sukari na presha walioambiwa na daktari watembee, na kina mama wanakuja na watoto.

Sasa juzi Jumamosi tumetembea vizuri tu, tukashuka mchangani, tukaenda weee, mara mbele tunakuta ukuta mpya wa mawe na zege umeanzia juu kwenye kiwanja cha mtu umeshuka mpaka majini. Hakuna kibao, hakuna tangazo. Mlinzi wa pale, kijana mstaarabu hatuna ugomvi nae, akatwambia wazee wangu rudini mzunguke barabarani, au msubiri maji yatoke mpite kwa chini. Kurudi tulikotoka mbali na magharibi inaingia, ikabidi tukate vichochoroni mpaka lami, na lami yenyewe upande ule haina njia ya waenda kwa miguu, bodaboda zinakupita hapa hapa kwenye kiwiko, bajaji, malori ya mchanga, tunatembea mmoja nyuma ya mwenzie tumewashika watoto mikono, bibi yetu mmoja magoti yakakataa kabisa tukampakia kwenye bajaji arudi nyumbani. Sahare hatukufika.

Hilo la kusubiri maji yatoke ndio limenifanya niandike, maana nimeshalisikia kwa wengi, eti ukuta haujafunga njia kwa sababu maji yakikupwa mtu anapita. Jamani. Siku za bamvua, yani maji makubwa, mwezi ukiandama na ukiwa mpevu, maji ya huku kwetu yanajaa kwenye saa kumi, kumi na moja, alfajiri na tena alasiri, yani ule ule muda ambao watu wanatoka kufanya mazoezi kabla na baada ya kazi. Yanakuja kukauka saa nne saa tano asubuhi, jua kali na watu wako makazini. Na sio maji ya kukunja suruali ukavuka, kati ya kupwa na kujaa kwa bamvua ni kama mita 3 hivi. Hiyo njia inayobaki ni ya nani basi? Hata wavuvi na kina mama wanaotanda (kuvua) uduvi wanapita ufuo huu huu kurudi makwao na maji yanawafuata nyuma.

Tena ukuta wa zege ukipigwa na mawimbi unarudisha nguvu ya maji chini, mchanga unachimbwa pale mbele na kwa majirani pia, kwahiyo hata hicho kipande cha kupita maji yakitoka kitazidi kupungua.

Sheria ipo. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 kifungu cha 57 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ufukweni. Naomba Jiji na NEMC, lile baraza la taifa la mazingira, waje na futi wapime, na kama ukuta umeingia mule basi uondolewe. Mwenye kiwanja simchukii, ajenge kwake juu apate riziki yake, ila mchanga auache wazi. Na pale ambapo kweli kuna ujenzi halali wa muda, kibao kiwekwe Raskazone kabla mtu hajashuka, na upande wa barabarani watutengenezee sehemu ya kutembea hata ya kifusi tu kwa kuanzia.

Sisi wana kikundi tuko tayari kuwapeleka maafisa mpaka kwenye ukuta wenyewe. Ila tunawaomba waje alasiri ya bamvua, wasije saa tano asubuhi.

Mtembea kwa miguu,
Chumbageni, Tanga