Barua ya wazi kwa Mkuu wa Mkoa wa Kusini Pemba: kibali cha tamasha Misali kitazame maji kwanza

Mheshimiwa, assalaamu alaykum.

Tunakuandikia kuhusu vibali vya matamasha na safari za watu wengi kisiwani Misali. Hatupingi watu kwenda. Linalotuuma ni tarehe: hupangwa kwa kuangalia Jumamosi au sikukuu, bila kuuliza maji.

Siku za bamvua, mwezi ukiandama au ukiwa mpevu, maji hujaa mnamo saa kumi na kukauka mnamo saa nne, na tofauti hupita mita 3. Mashua zikiondoka bandari ya Wesha, Pemba, saa mbili asubuhi, zinafika maji yanakupwa. Haziwezi kusogea mchangani, basi nanga hutupwa juu ya matumbawe na watu hushuka wakiyakanyaga kwa viatu. Tumbawe lenye matawi, la urefu wa mkono, limeota kwa miaka. Nanga ikiburutwa na upepo wa kusi hulivunja papo hapo.

Siku zinazofaa kwenda ni za maji mafu, maji yasipojaa wala kukupwa sana. Kati ya tarehe 8 na 10, na 22 na 24 za mwezi wa kuandama, maji hujaa mnamo saa nne asubuhi na kushuka kama mita 1 tu. Vyombo hufika ufukweni, hushusha watu, kisha hufungwa kwenye maboya. Na jioni havikwami.

Ufukweni nako kuna kasa, na ng'amba ambaye naye ni aina ya kasa. Hutaga juu ya alama ya maji kujaa, palepale penye kivuli ambapo kila mwenye hema hupapenda. Mayai hukaa chini kama miezi miwili, na juu huoni ila mchanga. Chuma cha hema cha nusu mita kinatosha kuyatoboa. Basi hema lisipigiliwe: kila mguu ufungwe madumu mawili ya lita 20 yaliyojazwa maji ya bahari. Watoto wa kasa hutoka usiku wakifuata mwangaza wa bahari. Taa ya jenereta huwageuza wakaingia msituni, wakafia huko. Kwa hiyo watu wote wawe wameondoka kabla ya magharibi.

Misali haina maji matamu. Watu 200, kwa lita 3 kila mmoja, ni madumu 30, yabebwe kutoka Wesha. Choo cha shimo hakifai, maana jiwe la kisiwa linavuja hadi baharini. Vipelekwe vyoo vya ndoo vyenye vifuniko, angalau 6, pamoja na magunia ya maranda ya kufunikia, na ndoo zote zirudi Pemba siku hiyohiyo. Wavuvi walio dago, yaani waliopiga kambi ya uvuvi kisiwani, waarifiwe mapema, wasikute ngoma mlangoni.

Ombi letu, Mheshimiwa: fomu ya kibali iongezwe mistari miwili. Wa kwanza, saa ya maji kujaa siku ya tamasha. Wa pili, jina la nahodha atakayehesabu ndoo na madumu wakati wa kurudi. Mistari hiyo ikiwa mitupu, kibali kisitolewe.

Wako,
Manahodha na waongoza wageni, Wesha