Barua kwa Mwanangu Kuhusu Ngome ya Château Gaillard

Mwanangu mpendwa,

Salamu nyingi kwako na kwa bibi yako. Uliniuliza ni kwa nini ngome yenye kuta nene kama zile za kwenye picha niliyokutumia ilitekwa, nami sikutaka kukujibu kwa simu kwa kuwa jibu lake ni refu.

Château Gaillard iko juu ya kilima cha mawe ya chokaa, karibu mita 90 juu ya mto Seine. Aliyeijenga ni Richard, mfalme wa Uingereza aliyeitawala pia Normandy, eneo la kaskazini mwa Ufaransa, ili kumzuia Philip, mfalme wa Ufaransa, asiteremke na mto kuelekea Rouen, mji mkuu wa Normandy. Ardhi yenyewe ilikuwa ya Askofu Mkuu wa Rouen, na kwa kuwa Richard hakungoja ridhaa yake, askofu alisimamisha ibada Normandy nzima hadi alipofidiwa kwa mji wa Dieppe na mali nyingine. Kazi ilianza mwaka 1196 na kukamilika 1198, kwa takriban pauni 12,000. Mwaka uliofuata Richard akafa kwa jeraha la mshale.

Philip aliizingira mwaka 1203. Roger de Lacy, aliyeilinda kwa niaba ya Mfalme John, ndugu yake Richard, alikuwa amewapokea wanakijiji waliokimbia vita, lakini alipoona chakula hakitatosha akawatoa nje. Makundi ya kwanza yalipishwa na Wafaransa. Kisha Philip akakataza, na waliobaki waliporudi langoni walikuta limefungwa. Mamia ya watu, watoto wakiwamo, walikaa mteremkoni katikati ya majeshi mawili majira ya baridi yote, na Philip alipowaachia hatimaye wengi walikuwa wamekwisha kufa kwa njaa. Watalii huupita mteremko huo mbio kuuwahi mnara, mimi hushindwa.

Sasa kuta zako. Ngome ilikuwa na nyua tatu zilizozungushiwa kuta. Ua wa nje uliingiliwa baada ya Wafaransa kuchimba chini ya msingi wa mnara wake hadi ukaporomoka. Ua wa kati ulipenywa na askari wachache, wengine wakisema kupitia tundu la choo (najua utacheka), wengine kupitia dirisha la kanisa alilolijenga John mwenyewe. Katika ua wa ndani, daraja lililochongwa kwenye mwamba ndilo lililowakinga wachimbaji wa adui walipochimba chini ya ukuta. Askari waliobaki, wasiofika mia mbili, walijisalimisha tarehe 6 Machi 1204.

Hata hivyo, mimi naona ilikwisha kupotea miezi kadhaa kabla, pale mashua alizotuma John kuleta msaada zilipochelewa kwa sababu ya mkondo wa mto na jeshi lake la nchi kavu likapigwa peke yake. Mwezi Desemba John akavuka bahari kurudi Uingereza, na hakuna mwingine aliyekuja kuwaokoa.

Ukija likizo tutaanzia chini, mtoni, kisha tupande polepole.

Baba yako