Shukrani kwa Aliyenipatia Viunganishi Sahihi vya Nyaya

Kwa miezi kadhaa taa za nyuma za gari langu la Kiingereza la miaka ya 1960, ninalolifufua taratibu, zilikuwa zikiwaka na kuzimika zenyewe. Nilishuku swichi, nikashuku fyuzi, nikabadilisha hata waya uliokuwa mzima.

Mtu mmoja, ambaye ameomba jina lake lisitajwe, hakukimbilia kubahatisha. Alinitaka kwanza nipime kwa kalipa, kifaa cha kupimia vipenyo, zile ncha za chuma za kuunganishia nyaya, za mviringo na zenye umbo la risasi, nilizokuwa nimezifunga upya. Zilikuwa za milimita 3.9, kipimo kilichozoeleka katika magari ya Kijapani, ilhali gari langu linahitaji milimita 4.7. Tofauti hiyo, ambayo jicho huipita kwa urahisi, ilitosha kuifanya ncha icheze ndani ya soketi na kuukata umeme kila gari lilipotikisika.

Akanieleza pia kwamba hata ncha za milimita 4.7 huchaguliwa kwa unene wa waya. Kisha akanitumia ncha kutoka akiba yake mwenyewe, zikiwa zimetengwa kwa unene huo, akanielekeza kuzibana kwa koleo maalumu la kazi hiyo na kuvuta kila waya kwa mkono kabla ya kuurudisha. Malipo aliyakataa.

Taa sasa zinawaka bila kukatika, nami namshukuru kwa dhati. Wenye viunganishi vya zamani wasivyovihitaji, tafadhali vipimeni, viandikeni vipimo, mumpe anayevitafuta.